Mkweche usio na kadi ni mshahara wa mwizi

DHAHABU ikipanda bei, si dhahabu peke yake inayotafutwa. Mwaka 2025 wakia moja ilipovuka dola 4,000 za Marekani katika soko la dunia, habari hiyo haikuishia kwa wanunuzi wa madini wa Geita na Kahama. Mwenye duara anayepata fedha hutaka gari la kupita kwenye tope kutoka Nyarugusu hadi Katoro, na mwenye karasha hutaka injini ya dizeli isiyokata tamaa. Wote wawili huishia kutafuta kitu kimoja: Land Rover au Land Cruiser ya zamani.

Ukurasa huu umezoea kuandika bei za pamba, mchele na dengu. Leo tunaomba ruhusa ya msomaji kuzungumzia bidhaa ambayo haimo katika jedwali lolote la bei, ingawa mitaji ya watu wengi wa Shinyanga na Geita imelala ndani yake. Ni magari ya miaka ya 1960 hadi 1990 ambayo vijana huyaita mikweche na wazungu huyaita urithi. Tunayazungumzia kwa sababu yanaibwa, na kwa sababu yanaibwa kwa urahisi ambao sisi wanunuzi ndio tunaoufadhili.

Kwanza tujue magari haya yalitoka wapi. Kanda hii ilikuwa na fedha mapema. Dakta John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi wake ulihitaji magari ya kazi kuliko wilaya nyingi za Tanganyika. Vyama vya ushirika vya pamba vilikuwa na malori na magari ya mabwana shamba; Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilianza mwaka 1955, na baadaye, mwaka 1984, ikaja SHIRECU. Misheni zilikuwa na Land Rover zao. Serikali ilikuwa na zake. Wakati wa State Motor Corporation gari jipya halikununuliwa dukani kama sukari, bali liligawiwa kwa kibali, na aliyelipata alilitunza kama ng'ombe wa mahari.

Ushirika ulipoyumba na mashirika ya umma yalipopunguzwa, magari hayo yaliuzwa kwa mnada, yakagawanywa kulipia madeni, au yakaachwa juu ya mawe nyuma ya ghala. Hapo ndipo tatizo letu lilipoanza. Chuma kiliondoka na mnunuzi, lakini karatasi zilibaki katika kabati la ofisi ambayo leo haipo. Zilipoletwa namba mpya zinazoanza na herufi T mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya magari yaliyokuwa yamelala hayakupelekwa kusajiliwa upya. Kwa hiyo ukienda leo Maganzo, Kahama au Ushirombo utakuta gari halali kabisa, la mzee mwaminifu kabisa, ambalo halina kadi. Au kadi ipo kwa jina la marehemu, au kwa jina la chama kilichokufa.

Mwizi hana haja ya kughushi kitu katika soko la namna hiyo. Anachohitaji ni kusema maneno yale yale anayosema mzee mwaminifu: "Kadi ilipotea, bosi, lakini gari ni la familia."

Chuoni tulifundishwa kwamba gari ni mali inayopungua thamani, na kila mwaka unakata asilimia yake katika mizania hadi libaki la kutupwa. Ni hesabu nzuri kwa Toyota Corolla. Mwalimu wetu hakuwa na hesabu ya Land Rover 109 ambayo mwaka wa arobaini inauzwa ghali kuliko mwaka wa ishirini.

Sababu za kupanda huko zinajulikana. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na mtoto wake wa mwisho wa mtindo ule, Defender, alitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zilianza kutengenezwa mwaka 1960 na Japani ikaacha kuzitengeneza mwaka 1984. Kitu ambacho hakitengenezwi tena, na bado kinahitajika, hupanda bei. Marekani gari lililotimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia nchini humo bila kutimiza masharti mengi ya usalama yanayodaiwa kwa magari mapya, na huko matajiri hununua Land Cruiser za miaka ya 1970 kwa bei ya nyumba ya kwetu. Hata hapa nyumbani heshima imerudi. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, nia ikiwa ni kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo, rekodi iliyokuwa ikishikiliwa na Wajerumani. Na tangu mwaka 2003 mashindano ya Safari Classic yamerudisha barabarani magari ya aina ile iliyowapa umaarufu madereva kama Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, ambaye alishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404.

Sera ya kodi nayo imeongeza mafuta kwenye moto. Gari la kuagiza lenye umri mkubwa hutozwa hapa nchini ushuru wa ziada wa uchakavu, na Kenya haliruhusiwi kuingia kabisa likizidi miaka 8. Maana yake ni kwamba anayetaka gari la zamani hulitafuta kati ya yaliyokwisha kuwamo nchini. Wanunuzi wanaongezeka, magari hayaongezeki.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba kila mkweche unaoibwa Shinyanga unaelekea kwa tajiri wa Texas. Kwa maoni yetu, wizi wa kanda hii ni wa aina mbili, na ule wa kusafirisha gari zima ndio mdogo. Mkubwa ni wizi wa kukata.

Gari la zamani lina thamani zaidi likiwa vipande. Injini ya dizeli ya Land Cruiser itasukuma karasha usiku kucha. Gia boksi na difu zitaingia katika winchi ya kuvuta mawe kutoka shimoni. Springi na chesisi zitakuwa tela la trekta. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria. Gari lililoondoka uani kwa mtu saa nane usiku linaweza kuwa limetawanyika vijiji vinne kabla mwenyewe hajapata namba ya RB kituo cha polisi. Tafuta Land Rover hiyo utakavyo. Nusu yake inapikiwa ugali.

Wizi wa pili, wa gari zima, unategemea jiografia. Kutoka Kahama barabara inakwenda Ushirombo, Runzewe na Lusahunga, kisha inagawanyika kuelekea Rusumo na Kabanga, mipaka ya Rwanda na Burundi. Nchi zote mbili huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo soko la gari letu la usukani wa kulia huko si kubwa kama linavyosemwa vijiweni. Uganda na Kenya ni habari nyingine, kwani huendesha kama sisi.

Hapa kuna jambo ambalo halikuzungumzwa wakati wa sherehe za daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Hakuna mfanyabiashara atakayelililia kivuko. Tumepoteza samaki na saa nyingi pale kwenye foleni. Lakini kivuko kilikuwa pia lango. Gari lililoibwa Mwanza usiku kuelekea Geita lililazimika kusimama mbele ya watu, au lizunguke njia ndefu ya Shinyanga na Kahama. Sasa kilomita 3 za maji zinavukwa kwa dakika chache. Faida ya daraja ni kubwa mara nyingi kuliko hasara hii, ila mwenye gari aliyekuwa akihesabu maji kama sehemu ya ulinzi wake abadilishe hesabu.

Turudi kwenye kadi, maana bei nzima ya soko hili imejificha humo.

Tuchukue mfano wa kubuni, tarakimu ni zetu. Land Cruiser yenye kadi safi inauzwa shilingi milioni 18. Nyingine ya umri ule ule, hali ile ile, haina kadi, nayo inauzwa milioni 11. Mnunuzi wa Katoro anaona amepata faida ya milioni 7 kabla hajawasha gari. Jirani anamwonya kwamba huenda ni la wizi. Anafikiri kama mfanyabiashara: tuseme katika magari matano ya namna hii moja hukamatwa, hasara yangu ya wastani ni sehemu moja ya tano ya milioni 11, yaani milioni 2 na laki 2. Nikitoa hiyo katika milioni 7, bado nina karibu milioni 5. Analipa.

Hesabu yake ina shimo. Ile milioni 7 hakuipata popote. Siku atakapouza, atauza gari lisilo na kadi, kwa bei ya gari lisilo na kadi. Amenunua kitu cha milioni 11 kwa milioni 11, na juu yake amebeba hatari ya kupoteza chote. Hasara yake ya wastani ni milioni 2 na laki 2, faida yake ni sifuri. Aliyefaidika ni yule ambaye gari halikumgharimu kitu, akaondoka na milioni 11 taslimu. Punguzo la bei ambalo mnunuzi analiona kama bahati yake ndilo mshahara wa mwizi.

Na kuna gharama nyingine ambazo dalali hazitaji. Gari lisilo na kadi haliwezi kuwekwa dhamana. Mkopo wa haraka wa mfanyabiashara mdogo siku hizi mara nyingi hutolewa kwa kushikilia kadi ya gari, na hapo pana mtego mwingine: anayekuambia kadi imepotea huenda anajua vizuri iko wapi, imelala kwenye droo ya mkopeshaji. Si mwizi huyo, lakini ukimlipa utakuja kunyang'anywa gari kwa deni usilolijua. Bima nayo ni shida. Bima ndogo ya lazima haifidii wizi hata kidogo, na kwa bima kubwa kampuni nyingi husita kupokea gari la miaka thelathini, sembuse lisilo na mwenye jina.

Sheria haimwonei huruma mnunuzi. Msingi wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni kwamba mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Aliyeibiwa akithibitisha gari ni lake, ni lake, hata kama wewe ulilipa bei kamili mbele ya mashahidi kumi. Kilichobaki kwako ni kumdai aliyekuuzia, ambaye simu yake imezimwa tangu juzi. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, humshika anayepokea au kubaki na mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi. Bei ya kutupa na kadi isiyokuwepo ni mambo ambayo mwendesha mashtaka anaweza kuyataja kama sababu hiyo. Mahakama ya Rufani ilieleza katika shauri la Joseph Mkumbwa na mwenzake dhidi ya Jamhuri kwamba mtu akikutwa na mali iliyoibwa karibuni, na mwenyewe akaitambua bila shaka, anaweza kutiwa hatiani kwa wizi wenyewe asipotoa maelezo ya kuridhisha.

Angalia maneno yale: mwenyewe akaitambua bila shaka. Hapo ndipo wenye magari halali nao wanapoanguka. Mtu ameishi na Land Rover miaka ishirini, ukimwuliza namba ya chesisi anakuambia rangi ya kiti. Polisi wakipata chesisi tupu Runzewe, bodi imeondoka, injini imeondoka, yeye atasema nini mahakamani? Kwamba anaijua kwa sura?

Namba zipo. Katika Land Rover za zamani namba imegongwa kwenye chesisi yenyewe mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa. Kile kibati kidogo chenye namba kilichopigwa ribiti ndani ya gari si ushahidi mkubwa, kwani ribiti hutolewa kwa patasi kwa dakika mbili. Katika Land Cruiser za zamani namba imegongwa kwenye mhimili wa kulia wa chesisi, mbele, karibu na gurudumu. Matope na kutu huificha, lakini brashi ya waya na chaki huitoa. Mwenye gari anayo kazi ya dakika kumi: kusugua, kuandika, kupiga picha, na kuongeza alama zake mwenyewe ambazo mwizi hajui, kama vile bati la kiraka chini ya tangi au tundu lililochomelewa. Picha zikae kwa ndugu wa mji mwingine, siyo ndani ya gari. (Mtu atacheka. Lakini ni wangapi wanaotembea na kadi halisi kwenye kisanduku cha gari, ili mwizi apate gari na hati yake pamoja?)

Kwamba namba na kumbukumbu ndizo zinazorudisha mali, tumeona kwa jirani. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia Lexus iliyoibwa London kwa kifaa cha kielektroniki kilichofichwa ndani yake. Ilipita Ufaransa na Oman, ikashukia Mombasa na kukutwa Uganda. Upekuzi uliofuata ulionyesha magari mengine zaidi ya 20 yaliyoibwa Uingereza yakiwa Uganda. Na Machi 2025 Interpol ilifanya msako katika nchi 12 za Afrika Magharibi, ikalinganisha namba za magari na daftari lake la magari yaliyoibwa, na kubaini magari ya wizi yapatayo 150, mengi yametoka Kanada. Hakuna polisi aliyeyatambua kwa rangi. Jeshi letu la Polisi ni mwanachama wa mitandao hiyo hiyo. Ila daftari haliwezi kutafuta namba ambayo mwenye mali hakuiandika.

Kupatikana nako si kurudishiwa. Gari likikamatwa huwa kielelezo, na kielelezo hukaa uani kituoni hadi kesi iishe. Mvua mbili zinatosha kumaliza viti na nyaya. Mahakama ina uwezo wa kuamuru mali irudi kwa mwenyewe, na mwenye gari aliye na karatasi kamili na picha ana la kumwambia wakili wake aombe mapema. Asiye na karatasi husubiri, na wakati mwingine wadai hujitokeza wawili.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Kila wizi ukitokea tunalaumu polisi na walinzi. Lakini Land Rover haiibwi ili mwizi akaitazame. Kuna mwenye karasha aliyenunua injini bila kuuliza, kuna fundi wa gereji aliyekata chesisi kwa taa ya tochi, kuna mwenye mizani ya vyuma chakavu aliyepima bodi nzima kwa kilo na hakushangaa. Hawa si majambazi. Ni wenzetu, wana leseni, wengine tunakaa nao vikao vya wafanyabiashara.

Kanda hii imewahi kutatua tatizo linalofanana na hili. Kabla ya mwaka 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo iliuzwa gizani, kwa punguzo kubwa, kwa sababu haikuwa na karatasi. Mwaka huo soko la madini likafunguliwa Geita, la kwanza nchini, na mengine yakafuata, Kahama likiwemo. Mwuzaji anafika na mali, inapimwa, inaandikwa, anaondoka na hati. Watu walilalamikia tozo, na wengine bado wanalalamika. Lakini aliyekuwa akinyonywa kwa kukosa karatasi sasa anajua bei ya siku.

Tungependa kuona jambo dogo kuliko hilo kwa magari ya zamani. TRA ndiyo msajili wa magari. Itoe kipindi maalumu, tuseme miezi sita, ambapo mwenye gari la zamani lisilo na kadi atalileta Shinyanga, Kahama au Geita, polisi wakague chesisi na injini dhidi ya kumbukumbu za wizi, jina litangazwe kama inavyotangazwa mirathi, na asipojitokeza mdai apewe kadi kwa ada ya kawaida bila malimbikizo ya adhabu. Itasemwa kwamba hiyo ni kusafisha magari ya wizi. Yapo yatakayopenya, hatukatai. Lakini mwizi hapendi kulipeleka gari mbele ya polisi na kulitangaza. Mzee wa Maganzo hana wasiwasi huo. Baada ya kipindi hicho maneno "kadi ilipotea" hayatakuwa tena maneno ya watu wote wawili, na lile punguzo la milioni kadhaa litakuwa na maana moja tu sokoni.

Upande wa vipande ni mgumu zaidi, kwa kuwa injini iliyokwisha kufungwa kwenye karasha haina mwenye kuisomea namba. Hapo tunashauri daftari. Mwenye mizani ya vyuma chakavu tayari anadaiwa vibali, kikiwemo cha NEMC; gereji na muuza spea tayari wana leseni za halmashauri. Waongezewe sharti moja: injini, chesisi, gia boksi au bodi ikiingia, iandikwe namba yake, jina la aliyeileta na kitambulisho chake cha NIDA, na daftari likae wazi kwa mkaguzi. Halmashauri inaweza kulifanya kwa sheria ndogo, na vikao vya kupanga sheria ndogo hupokea maoni ya wafanyabiashara kabla ya kupitisha. Safari hii twende na maoni ya kuomba tudhibitiwe, jambo ambalo diwani hajazoea kulisikia kutoka kwetu.